Karani Aliyeficha Viganja

Magunia matatu ya pamba yalikutwa na maji mchana kweupe, mwezi wa saba, Magu nzima haijaona tone la mvua. Aisee, sikilizeni.

Ni mwaka 1958. Babu yangu Msafiri alikuwa karani kwenye ghala la ushirika, anapokea pamba ya wakulima.

Viganja vyake vilitoka jasho. Hata asubuhi ya baridi, amekaa tu, linachuruzika. Akiandika, wino unatapakaa. Akizungukwa na watu ndiyo linazidi. Salamu alitoa kwa mdomo, mikono mfukoni, na watu wakasema ana maringo. Akaona heri maringo.

Kazi yenyewe sasa. Wapo wajanja walionyunyizia pamba maji ipate uzito, kwa hiyo karani alitumbukiza mkono katikati ya gunia. Akigusa maji, halipimwi.

Siku hiyo foleni ndefu, mkubwa wake kasimama nyuma. Akatumbukiza mkono kwenye gunia la mzee Ndalahwa.

“Hii ina maji,” akasema kwa sauti.

La pili, maji. La tatu, maji.

La nne lilikuwa la Masalu, mkulima aliyefuata kwenye foleni. Nalo maji. Hapo akajua.

Akafuta kiganja kwenye suruali, akasema la Masalu ni kavu.

Mzee Ndalahwa alikuwa bado pale, anapakia magunia yake kwenye mkokoteni, watu wanamzomea mwizi. Neno moja lingetosha. Babu anasema hakusikia huruma wala aibu, alikuwa kama gogo. Akamwita anayefuata.

Ndalahwa akafukuzwa kwenye ushirika. Hakulima pamba tena.

Desemba 1961, siku ya uhuru, watu wanapeana mikono kila kona. Ndalahwa akamfuata babu, akanyoosha wake. Babu akamwamkia shikamoo. Mzee akauacha mkono pale pale, watu wanatazama.

Babu akampa.

Mzee akaushika muda mrefu, kisha akatazama kiganja chake kilicholowa.

“Kumbe maji yalikuwa haya,” akasema taratibu. “Ungesema tu, mwanangu.”

Akajifuta kwenye shati, akaenda zake.

Babu kanisimulia juzi, ana miaka tisini, baada ya kuona simu yangu inagoma kwa vidole vilivyolowa. Nimerithi. Daktari kaniambia ni tatizo la mwili kama mengine, na lina matibabu.

Wewe unayeficha mikono mfukoni, jasho si kosa lako. Ila usikubali mtu mwingine alibebe.