Ngozi Juu ya Sola

Mwaka wa 1998, mafuriko yalipokwisha, Abdia, yaani Mama Hamdi, muuza maziwa hapa Garsen, alinunua sola. Mimi, Kassim fundi wa redio, ndiye niliyeifunga juu ya bati lake. Wiki haijaisha, akanijia mbio: taa haiwaki.

Nilipanda ngazi nimekasirika, maana kazi yangu naijua. Juu nikakuta sola imefunikwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa kamba.

"Mama Hamdi, hii inataka jua! Nani ameifunika?"

"Mimi. Inang'aa, Kassim. Inaonekana mpaka barabarani. Sisi mali yetu hukaa malishoni, mbali na macho ya watu. Majambazi wakiiona hii watasema humu mna pesa."

"Basi uliinunua ya nini?"

Nikaifunua, nikamrudishia ngozi yake.

Jioni ya kesho yake taa iliwaka. Lakini asubuhi iliyofuata sikumwona sokoni. Nilimkuta ameketi mlangoni pake, vibuyu vya maziwa vimejaa kando yake, akimkazia macho kila mpita njia aliyetazama juu ya bati.

Nami nilitazama. Akanikazia macho vilevile.