Kipepeo wa Dada

Mtaani walimwita Mjuzi, na jina hilo lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa fundi wa kompyuta kwa miaka kumi na tisa. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na baba yao: meza ndefu, taa ya shingo ya kukunja, mashine zilizopasuliwa matumbo, na droo moja pana iliyojaa bisibisi, nyaya, skrubu na vikorokoro ambavyo fundi yeyote huapa kwamba iko siku vitamfaa. Chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, ndimo alimokuwa akilala dada yake mkubwa.

Dada alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Wenzake walisema akishika mkasi, kitambaa kinajikata chenyewe. Halafu asubuhi moja, akiwa anafunga vifungo vya blauzi aende kazini, kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi baada ya wiki chache. Ulimi nao ulirudi, tena na ukali wake wote. Mkono ndio uliogoma.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mpole wa miwani minene, alimpa mchezo wa kompyuta ndani ya flashi. Unashika kipanya kwa mkono mgonjwa, unamwongoza kipepeo kutoka ua hadi ua bila kugusa miiba. Mchezo wenyewe ulihifadhi alama za kila siku, na kila mwisho wa mwezi mtaalamu alizitazama kujua mkono unaendeleaje. Bosi wa kiwandani, mama mnene mwenye moyo wa huruma, alikuwa ameahidi kumshikia Dada nafasi yake miezi mitatu. Alichotaka ni karatasi ya hospitali tu, kwamba mkono unaweza kazi.

Kompyuta alitoa Mjuzi. Alichomoa moja kuukuu kutoka kwenye rundo lake, akaipangusa vumbi, akaichomekea kipanya cha waya, akaiunganisha chumbani kwa Dada na kuondoka akipiga mluzi.

Siku ya tatu Dada akamwita.

"Mdogo wangu, huyu kipepeo ana wazimu. Nimemtuliza juu ya ua, yeye anachomoka mwenyewe kwenda kwenye miiba!"

Mjuzi aliacha kazi, akaja, akakaa, akacheza dakika tano. Kipepeo alitii kama askari mpya.

"Mbona mzima, Dada?"

"Sasa hivi ni mzima. Wewe ukitoka tu, anaanza."

"Mashine haina macho ya kujua nani katoka."

Hata hivyo alijaribu. Alisafisha tumbo la kipanya kwa pamba. Alitoa kitambaa kilichotandikwa mezani, akaweka karatasi ngumu, maana taa ya kipanya huchanganyikiwa na maua maua. Alipunguza mwendo wa mshale kwenye mipangilio. Wiki ya pili akabadili kipanya chenyewe. Kila alipomaliza alicheza kidogo kuhakikisha, na kila alipocheza mambo yalikuwa shwari. Safari ya nne alikuja amekunja uso, na safari ya tano hakuja kabisa. Alijibu kutoka mezani kwake, kupitia ukutani: "Fanya mazoezi, Dada! Utazoea!"

Hapo bado hakuwa amefanya kosa ambalo mtu hushindwa kulisamehe. Alilifanya siku Bosi alipokuja kumwona mgonjwa.

Ilikuwa mchana, na Mjuzi alikuwa na mteja aliyekaa akimsubiri amalizie mashine yake. Katika chumba cha pili, Dada alitaka kumwonyesha Bosi alipofikia. Ua la kwanza akapita, la pili akapita, halafu kipepeo akajirusha kwenye miiba. Akaanza upya. Akajirusha tena. Mara ya tatu Dada akaita, sauti imejaa aibu, "Mdogo wangu, njoo basi mara moja!"

Mjuzi alikuja na bisibisi mkononi. Akakishika kipanya, akamzungusha kipepeo bustani nzima bila hata kuketi.

"Dada, tusidanganyane," akasema. "Kipanya kizima. Mashine nzima. Mchezo mzima. Kibovu hapa ni mkono wako, na kulaumu vyombo hakutakuponya."

Bosi akatazama viatu vyake. Dada aliuvuta ule mkono polepole, akauficha kwenye mkunjo wa gauni. Kule mbele mteja alikohoa, Mjuzi akarudi kazini kwake akijiona mkweli.

Tangu siku hiyo Dada hakucheza tena. Aliifunika kompyuta kwa shuka. Mwisho wa mwezi mtaalamu akakuta alama mbaya, kisha siku tupu mfululizo, akaandika alichoona: mkono bado. Miezi mitatu ilipotimia, Bosi akachukua mkataji mwingine. Alileta habari hiyo mwenyewe, akilia, na Dada ndiye aliyembembeleza.

Wiki mbili baadaye Mjuzi akaona heri aichukue kompyuta, maana ilikuwa inakaa bure. Aliiweka juu ya meza yake ya kazi, akaiwasha, ule mchezo ukajifungua wenyewe, na kipepeo ametua katikati ya ua jekundu. Alitaka kufungua mgongo wa mashine asafishe vumbi. Akavuta droo kutafuta bisibisi.

Kipepeo akachomoka.

Mjuzi akatulia. Akatazama kipanya cha waya: kilikuwa kimelala, hakuna aliyekigusa. Akaisukuma droo ndani. Kipepeo akajigonga kwenye miiba. Akaivuta tena. Kipepeo akaruka.

Alipekua ndani ya droo hadi chini, chini ya nyaya na koleo, akakitoa kipanya kisicho na waya, kijivu, taa yake ikimeta. Akakumbuka. Kilikuja pamoja na kompyuta hii hii, mwaka uliopita. Alikijaribu kwenye mashine yake nyingine, kikagoma, akasema kimekufa na kukitupa humo, betri ndani. Aligeuza kompyuta, akapapasa nyuma. Kwenye tundu la chini kabisa, kidogo kama ukucha, kilikuwapo kile kidude kinachopokea mawimbi ya kipanya. Hakuwahi kukichomoa. Hata alipobadili kipanya cha Dada hakutazama huko.

Kila alipovuta droo, na kwa siku aliivuta labda mara hamsini, kile kipanya kiliserereka kati ya bisibisi, na ng'ambo ya ukuta kipepeo wa Dada aliruka. Alipokwenda kukagua, droo ilikuwa imetulia.

Alikichomoa kile kidude, akakaa nacho kiganjani. Kitu cha kwanza kilichomjia, na hicho ndicho kilichomtesa baadaye kuliko vyote, kilikuwa: hakuna aliyeona. Akakitia mfukoni. Akairudisha kompyuta chumbani kwa Dada.

"Nimeisafisha," akasema. "Jaribu tena."

"Niache, mdogo wangu."

"Mara moja tu, Dada."

Dada alijaribu kumridhisha tu. Ua la kwanza, la pili, la kumi. Mkono ulitetemeka, lakini kipepeo alikwenda ulikotaka. Kwenye ua la thelathini na moja Dada alianza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Umerudi! Mkono wangu umerudi! Na ulikuwa umekufa huu!"

Kwa siku tatu nyumba ilikuwa na furaha. Dada alimpigia simu kila jamaa, akimsifu mdogo wake aliyemvumilia. Mjuzi alikula bila kuinua macho. Watu walipompongeza alijibu "Ah, kawaida," huku masikio yakiwaka moto. Siku ya nne Dada akaja mwenyewe hadi chumba cha mbele, akiburuta mguu, akasimama kando ya meza.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Niliisingizia mashine yako ubovu. Siku ile ulinieleza ukweli mbele ya Bosi, nikakuwekea kinyongo. Kumbe ulikuwa na haki. Nisamehe."

Hilo hakuweza kulimeza. Alifungua droo, akatoa kipanya cha kijivu, akakiweka mbele ya Dada pamoja na kile kidude. Akaeleza yote, maneno yakigongana, tangu mwanzo hadi kukitia mfukoni.

Dada alisikiliza akiwa wima.

"Kwa hiyo mkono ulikuwa unapona."

"Ndiyo, Dada."

"Siku ile, ulikuwa unajua?"

"Haki ya Mungu, sikujua."

"Nilikwambia: ukitoka tu, anaanza." Sauti yake haikupanda. "Nilikwambia mara ngapi?"

Mjuzi alikisogeza kile kidude kando.

"Hukunisikia kwa sababu ulishaamua mbovu ni mimi. Sasa vaa viatu. Ulichosema mbele ya watu, utakifuta mbele ya watu."

Walikwenda kwanza hospitalini. Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akasema atampima Dada upya. Na akakiri kwamba yeye pia alitazama alama tu, hakuuliza. Kisha wakaenda kiwandani. Kati ya meza za kukatia, mashine za kushona zikiwa zimenyamaza, na mafundi kumi na mmoja wameinua vichwa, Mjuzi alisema kwamba dada yake alisema kweli, na kwamba aliyeharibu ni yeye. Alitamani sakafu ipasuke. Mshonaji mmoja alicheka, "Mjuzi wa nini sasa!" na wengine wakacheka. Dada hakucheka, wala hakuwakataza.

Bosi alisema mkataji mpya hana kosa, hawezi kumfukuza. Lakini alimpa Dada kipande cha kitambaa na mkasi. Dada alikata kola, taratibu, ukingo mmoja ukiwa na mawimbi. Bosi aliipima kwa kidole. "Asubuhi tatu kwa wiki," akasema. "Kola na mifuko. Tutaona."

Jumatatu Mjuzi alijitolea kumsindikiza. Langoni mwa kiwanda Dada akamzuia.

"Ishia hapa."

"Nikupitie saa sita?"

"Njoo," akasema. "Ila usiniulize mkono uliendaje. Nikitaka nitakwambia mwenyewe, na wewe utasikiliza."

Saa sita alikuwa langoni. Dada alitoka amechoka, vinyuzi vya bluu vimemganda kwenye gauni. Alimtazama, akaanza kutembea. Walipita maduka mawili, matatu. Mjuzi aliuma midomo. Hadi wanafika nyumbani hakuuliza, na Dada hakusema.