Masikio ya Kaniki

Mama mkubwa Sada binti Msabaha, wa Mlingotini, alikuwa mwepesi wa kofi. Sisi watoto tulilionja, na mumewe Bwanausi alilionja pia. Mbwa peke yao ndio hawakuwahi kupigwa na mkono ule. Nayasema haya mapema, msije mkadhani namsifu bure.

Alilima mpunga pembeni mwa kinamasi, na nguruwe wa kinamasi kile ndio waliokuwa maadui zake. Mwaka ninaousimulia Wajerumani walikuwa bado hawajapandisha bendera yao Bagamoyo. Sada alilinda shamba kwa mbwa, na hodari wao alikuwa Kaniki, mweusi tii, chotara. Mama yake alikuwa koko wa hapa hapa kijijini, baba yake mbwa wa Mzungu mmoja aliyepita na msafara. Kwa baba alirithi masikio mapana yaliyolala. Koko wetu masikio yao husimama, upepo ukaingia na maji yakakauka. Ya Kaniki yalifunika tundu, na kila akitoka kinamasini maji yalibaki humo humo.

Basi Sada akawa na desturi yake. Mbwa akitoka majini anamfuta masikio kwa kitambaa kikavu, anayafunua, anatazama rangi ya ngozi, kisha ananusa. Mwanamke wa Kiislamu ananusa masikio ya mbwa. Wanawake kisimani walicheka wakashika mbavu. Yeye alinawa mara saba, moja kwa udongo, akawaambia maji anateka mwenyewe.

Masika ya mwaka ule aliitwa Bagamoyo, maana mdogo wake alikuwa ananizaa mimi. Kabla ya kuondoka alimwagiza mumewe.

"Akitoka majini mfute masikio. Ukimwona anatikisa kichwa, anajikuna, anakwenda kichwa upande, au ukisikia harufu mbaya, usimpeleke porini. Mwache hapa mpaka nirudi."

"Haya, binti Msabaha. Nenda salama."

Alikaa siku ishirini. Bwanausi hakumfuta mbwa hata siku moja. Mtu mzima, mwinda nguruwe, alikuwa anawaonea haya wanawake wa kisimani. Hata leo nikisimulia napandwa na hasira.

Sada aliporudi alimkuta Kaniki kichwa kimelala upande, anasugua sikio ukutani. Ndani palikuwa pekundu, pamevimba, usaha wa kahawia unanuka. Mgongoni alikuwa na mistari ya bakora.

"Amekuwa jeuri," Bwanausi akasema. "Namwita haji."

Sada akapiga makofi nyuma ya mbwa. Hakugeuka. Akagonga sufuria. Hakugeuka. Ndipo akamgeukia mumewe, akamzaba kofi la shavu mpaka akayumba.

"Hasikii," akamwambia. "Unampiga kwa ugonjwa uliomtia mwenyewe."

Akamfuta usaha wa nje taratibu, akamfunga kamba uani, akasema hatoki mpaka apone.

Asubuhi nguruwe dume aliingia mpungani. Sada alikuwa kisimani. Bwanausi, shavu bado linamwaka, akafungua kamba.

Waliokuwapo wanasema Kaniki alimbana nguruwe vizuri kwenye matete. Bwanausi akainua mkuki, akapiga ule ukelele wa kuwaondoa mbwa, na papo hapo akautupa. Mbwa wengine waliruka kando. Kaniki hakuruka. Mkuki ulimwingia ubavuni ukatokea upande wa pili, ukamgongomea chini. Nguruwe akamkanyaga, akamfikia Bwanausi, akampasua paja kutoka gotini hadi kinenani. Wawindaji wenzake walimkatakata mnyama yule kwa mashoka hata baada ya kufa, kwa woga tu.

Bwanausi alitambaa mpaka kwa mbwa. Kaniki alikuwa bado hai, anautafuna mti wa mkuki. Ilibidi ammalize kwa kisu chake mwenyewe, na alilia mbele ya watu.

Nyumbani Sada alimfunga jeraha, mkono wake haukuinuka kumpiga, na hilo liliwatisha majirani kuliko kofi. Siku ya tatu jirani yao Mwinyijuma alikuja kumpa Bwanausi pole. Alikuwa na nia njema.

"Pole sana, ndugu yangu. Ila mbwa asiyemsikia bwana wake hana faida."

Bwanausi akamrukia, akamkaba koo, na watu watatu wakahangaika kuwatenganisha. Jeraha lilikuwa limefunguka, damu inachuruzika mkekani.

"Mbwa alikuwa kiziwi," akasema. "Mimi masikio yangu mazima."