Ndege Iliyopimwa kwa Mlango

Enzi zetu ndege ya kuchezea haikununuliwa dukani, ilikatwa ziwani. Ninyi mliokulia Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mnajua ninachosema. Tulikata mafunjo, tukayaanika juu ya paa mpaka yakawa mepesi kama unyoya, na hilo ndilo lilikuwa tumbo la ndege. Mabawa na mkia tulikata kwenye boksi la sabuni. Pini zilikuwa miiba ya mgunga, na gundi ilikuwa bugali wa muhogo uliolala, ukakorogwa na maji. Mdogo wetu Neema alipewa kazi ya kulinda gundi, na ndiyo maana gundi haikuwahi kutosha.

Mimi nilikuwa mkubwa wao. Wazazi walikuwa wametutoka, na shule nilikuwa nimeiacha ili wadogo zangu Bahati na Neema wasome. Waliniita Yaya, kama wadogo wote wa kwetu Kivu wanavyomwita dada mkubwa, lakini mimi niliitika kama mama. Maji ya nyumba niliyabeba mimi, kutoka pampu ya Rubondo, kichwani. Kwa hiyo Bahati aliporudi siku moja akasema amewekeana ahadi na Safari, kijana wa ng'ambo ya kanisa, kwamba wenye ndege itakayoshindwa kuruka mbali Jumamosi watawachotea wenzao maji juma zima, nilimuuliza swali moja tu.

“Na tukishindwa, nani atabeba hayo maji?”

Bahati akatazama miguu yake. “Si weye, Yaya?”

Basi nikaingia kiwandani mimi mwenyewe.

Shida ya ndege yetu ilikuwa mkia. Mkia una vipande viwili: kimoja kinalala kama bawa dogo, kingine kinasimama juu yake kama kishungi cha jogoo. Vikipinda, ndege yote inapinda. Mabawa tulikuwa tumeyapanga vizuri juu ya meza ya jirani yetu, Mama Zawadi. Mkia tukaupima mlangoni kwetu. Bahati alishika ndege, mimi nikafumba jicho moja, tukalinganisha kipande cha kulala na mti wa juu wa mlango, na cha kusimama na mti wa pembeni. Mlango ni mlango, nani angeushuku?

Tukairusha kutoka juu ya kichuguu. Ikaondoka kwa heshima, ikakata kushoto, ikaendelea kukata kushoto, ikarudi nyuma yetu na kutua kwenye sufuria ya Mama Zawadi.

“Weye Bahati! Hii ndege yenu iko na njaa? Kila saa inakuja kwa maharagi yangu!”

Tukabandua, tukapima tena mlangoni, tukabandika. Kushoto. Mama Zawadi, mtu wa chumba cha maombi, akaona hapo pana neno. Akaweka mkono juu ya mkia, akakemea pepo mpaka kuku wakakimbia, tukasema amina. Ndege ikakata kushoto kwa nguvu mpya.

Safari alipita akicheka. “Yaya, anza kufanyisha shingo mazoezi! Kwetu tuko na bidon mingi ya maji!”

Usiku sikucheka. Maji ya kwetu peke yake yalikuwa yananitosha.

Ijumaa nikaitundika ndege kwa uzi mlangoni ili gundi ikauke mbali na mbuzi. Nikarudi nyuma kuitazama. Uzi ulining'inia huku, mti wa mlango ukaenda kule. Juu viligusana, chini ungeweza kupitisha mkono mzima katikati. Nikadhani uzi una matatizo. Nikaufunga jiwe. Jiwe likasema vilevile.

Nyumba yetu ilijengwa na vijana wa kanisa siku ya mvua, wakikimbizana na radi. Iliinama tangu siku hiyo, na sisi tuliokuwa ndani tukainama nayo bila habari. Marehemu mama alizoea kusema: aliyezaliwa mlimani hajui kwamba anatembea upande.

“Yaya,” Bahati akanong'ona, “basi hata nyumba inakata kushoto!”

Tukang'oa miiba. Kipande cha kusimama tukakipima kwa uzi na jiwe, cha kulala kwa maji ndani ya karai, maana maji hayajengwi na vijana.

Jumamosi ndege ilinyooka. Ikavuka uwanja wa mpira, ikaipita ya Safari iliyokuwa imelala kifudifudi, ikatua katikati ya ng'ombe wa wafugaji. Ng'ombe mmoja akaila, akianza na mkia.

Juma lile Safari na ndugu zake walileta maji wakihema. “Yaya, nyinyi munaoga kila siku?”

“Juma hili, ndiyo.”

Nilifua kila kitambaa tulichokuwa nacho, kisha nikafua vya Mama Zawadi. Halafu, alasiri moja, mikono ikakosa kazi. Nikajilaza kwenye mkeka na kulala mchana, mara ya kwanza tangu tubaki watatu. Neema alidhani naumwa, akaniletea uji.

Sasa naishi Nyamityobora, mjini Mbarara, na maji yanatoka bombani. Mwanangu ana ndege ya dukani. Mkia umeshabandikwa na mtu asiyemjua, haiangukii maharagwe ya yeyote. Bateri ikiisha analeta: “Mama, imekufa. Nunua ingine.”

Juzi nikamwambia twende ziwani tukate mafunjo, nimfundishe kuunda ya kwake, ashindane na wenzake.

“Tukishinda tutapata nini?”

“Usingizi wa mchana,” nikamjibu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwacha acheke.