Ethi ya Fundi Mahadhi

Siku hizi kichochoro cha nyuma ya msikiti, mtaa wa Shela, Malindi, kimenyamaza hata kuku wanasikika wakiparura. Zamani watu hawakuweza kusalimiana hapo bila kupaza sauti, kwa kuwa Fundi Mahadhi alizijaribu redio zake zote kwa mpigo, barazani, ili mji ujue kwamba yupo.

Mji ulijua. Aliyejua zaidi ni mkewe, Batuli, aliyekaa miaka yote nyuma ya pazia la mlango akidarizi kofia na kumsikiliza mume akijisifu. Kwa Mahadhi, hakuna kifaa kilichougua ila kilikosa ethi, ule waya wa kuushusha umeme ardhini. Redio inakoroma? Ethi. Spika inavuma? Ethi. Alichomea waya kwenye bodi ya chuma, akakaza skrubu, akapangusa mikono kama daktari aliyetoka kupasua. Mara nyingi, ni kweli, dawa ilifaa, na hilo ndilo lililomharibu.

Mwaka wa themanini na nane, Horst, Mjerumani mwenye hoteli ndogo ufuoni, alimletea kichwa cha treni ya kuchezea. Watu wa Ganze wanatembea nusu siku kutafuta maji, na mtu mzima mwenye mvi amejenga reli kuzunguka ukumbi wake wa kulia! Batuli alichungulia, akasonya. Kichwa kilikuwa cha chuma, kizee, cha marehemu babake Horst. Alitaka kitiwe kidude cha dijitali, kibao kidogo kama kidole gumba, kipokee amri kupitia relini, ili treni mbili ziende kwenye njia moja, kila moja kwa mwendo wake. Kidude kilikuwa hicho kimoja tu.

"Fundi, sikiliza," Horst alisema. "Hizi za zamani, mota imeshikana na bodi. Zitenganishe kwanza. Zikigusana, kidude kinakufa."

"Bwana, mimi nilikuwa fundi kabla wewe hujaijua Malindi."

"Basi ukifaulu, mitambo yote ya hoteli ni kazi yako."

Horst hajafika mwisho wa kichochoro, Mahadhi ameshaung'oa ubao wenye jina lake. Meza na baraza akampa Kenga, mshona viatu wa jirani.

"Ngoja kazi ipatikane kwanza," Batuli alisema.

"Mke wa injinia hasemi hivyo."

Alizitenganisha, haki yake apewe. Alitia karatasi ngumu kati ya mota na bodi, akachomea nyaya za kidude, mbili za reli, mbili za mota. Kisha, kabla ya kufunga, mkono ukafanya ulichozoea: waya mfupi, kutoka kwenye mota hadi kwenye bodi ya chuma.

"Na huo?" Batuli aliuliza.

"Ethi," akajibu, kwa sauti ya kumfundisha mtoto kwamba jua ni moto.

Siku ya kuijaribu, wageni walijaa ukumbini. Batuli alisimama mlango wa jikoni, kando ya Kombe, mhudumu wa hoteli. Horst alibonyeza. Treni ikashtuka, ikasimama. Halafu bombani mwake ukatoka moshi mwembamba wa buluu, na wageni, wakidhani ndivyo ilivyoundwa, wakapiga makofi. Mahadhi aliweka mkono kifuani, akainama.

"Mama, kumbe nayo inakula makaa?" Kombe alinong'ona.

Batuli alijiziba pua kwa leso. Harufu ile aliijua tangu aolewe: ya redio iliyokufa.

Horst hakupiga makofi. Alikifungua kichwa, akauona waya.

"Hii nini?"

"Ethi," Mahadhi alisema, bado akiwachekea wageni.

Kazi alipewa mtu mwingine. Kenga naye alikataa kurudisha meza. "Hiba ya injinia hairudi, bwana." Mahadhi alipomkumbusha mkewe jinsi wazungu walivyomshangilia, Batuli hakuinua macho kutoka kwenye kofia. "Ungewaomba wakufungie makofi hayo, tukapike."

Sasa Mahadhi anauza betri na tambi za taa Gongoni, huko Magarini.