Raizoni Ndani ya Kihenge

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kama kungekuwa na dawa ya kuisahau ningekwishainywa zamani. Leo naisimulia kwa sababu mmenichosha. Tangu juzi humu ndani hamkaliki. Baba yenu amesema Ijumaa atawapitisha kwenye mawe mkakae zama za Mjerumani mpaka shule zifunguliwe, basi imekuwa kelele tupu. Mmoja anauliza kama kule kuna mtandao. Mtandao! Kwa Mjerumani! Mwingine anatafuta begi la kufichia simu. Na wewe uliyesoma kuliko wote, jana nimekusikia kwa masikio yangu haya ukijitapa, "Mimi nikifika nitawaambia wote yatakayowapata." Utawaambia kama nani? Nani kakutuma? Hebu kaa chini. Na hicho kidude kizime kwanza.

Ukoo wetu una mambo yake, na si ya kumsimulia kila muuza genge hapa Mandewa. Pale Kindai, kando ya ziwa, kwenye yale majabali mawili yaliyoegemeana, mkubwa wetu akitangulia na wengine tukashikana mikono, tunatokea upande wa pili. Mahali ni pale pale, zama ni nyingine. Wenzetu wamerithi mashamba Mgori, sisi tumerithi hilo. Mimi sijaona faida yake mpaka leo, lakini mwacha mila ni mtumwa, ndivyo wanavyoniambia nikilalamika.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Bibi Saada, mama yake baba yangu, alikuwa mtu mzima wa mvi na magoti mabovu, na maisha yake yote alikuwa na kiu moja tu. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa. Hakuachiwa hata picha, maana nani alikuwa na picha siku hizo? Akamwita baba akamwambia, "Kabla sijafa nataka nimwone mama yangu." Sasa baba angemkataliaje mama yake mzazi? Tukafunga safari, sisi watatu. Mama yangu alibaki dukani, na sikuzote nimesema yeye ndiye alikuwa na akili kuliko sisi wote.

Msidanganyike na hadithi, mwanangu. Singida ile ilikuwa boma lililojengwa nusu, askari na viboko vyao, tembe chache za wafanyabiashara waliotoka Tabora na Kondoa, duka moja la Mhindi, na vumbi. Upepo ulikuwa huu huu wetu, ila kule hapakuwa na dirisha la kufunga. Wanaume walitolewa majumbani kwa fimbo kwenda kubeba mawe ya boma la mtu mwingine, na baba alikwenda pia, akarudi na mgongo umevimba. Maji ya ziwa ni ya chumvi, hayanyweki, kwa hiyo alfajiri ni kisimani, mtungi kichwani. Ukirudi, jiwe la kusagia linakungoja. Nilisaga uwele mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mimi, binti wa duka, niliyezoea unga wa mashine! Nililalamika asubuhi, nikalalamika mchana, na baba alikuwa na jibu moja tu: "Vumilia." Mpaka leo ukitaka kunitibua, niambie vumilia.

Na huyo tuliyemfuata alikuwa jirani yetu. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mwembamba, hodari wa kazi, mdomo haufungi. Aliitwa Mwamvua. Ndiye aliyekuja kuwa mama yake Bibi, na jina lake ndilo nililopewa mimi. Siku ya kwanza tu, aliposikia naitwa hivyo, akanidaka mkono. "Kumbe wewe somo wangu!" Tangu hapo sikupumua. Somo, nikusaidie kusaga? Somo, kwenu wanasukaje nywele? Somo, mbona unanuna? Nikienda kisimani yuko nyuma, nikikaa kivulini yuko ubavuni. Mtu na somo wake, alikuwa akisema, hawaachani. Ningempa nini yule mtoto aniache!

Sasa tazama mtihani wa Bibi. Kila asubuhi yule mtoto alikuja uani kwetu, akapiga goti, "Shikamoo, bibi." Bibi angefanya nini? Mbele za watu mtu wa mvi hawezi kumwamkia mtoto, wangesema tumerogwa au tumekuja kuroga. Aliitika marahaba, kisha akaingia ndani akalia. Siku moja aliniambia, "Mwamvua, mambo gani haya? Mama yangu mzazi ananipigia goti mimi!" Badala ya kumhurumia, nilicheka. Ndivyo nilivyokuwa, msichana mwenye macho lakini haoni.

Maana Bibi alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena. Alimsuka yule mtoto, akampaka mafuta, akamlisha viporo vyote vya ugali na mlenda. Akimtazama anakula, mwenyewe anasahau kula. Tulipanga kukaa mpaka mvua za kwanza, na kila wingu likipita naona Bibi analitazama kwa uchungu.

Baba alikuwa ametupa masharti mawili tu. Usipite na kitu cha zama zetu, na usimwambie mtu wa kule la mbele yake. Mawili, mwanangu. Hata mbuzi angeyakumbuka. Mimi nikayavunja yote, tena kwa siku moja.

Nilikuwa nimepita na raizoni zangu. Nyie hamzijui. Vilikuwa viatu vya soli nene kama tofali, fasheni ya wakati ule, na msichana asiyekuwa navyo alijiona hajavaa nguo. Nilivifunga kwenye khanga nikavifukia ndani ya kihenge cha uwele. Sikuweza hata kuvivaa, ila nilikwenda kuvipapasa nikikumbuka nyumbani. Basi siku hiyo Bibi akamtuma Mwamvua kuchota uwele. Mkono ukagusa kitu. Mtoto ni mtoto. Akavivaa, akajikokota navyo hadi kisimani kwenye mawe yale, na kimoja kikabanduka soli.

Alirudi amevikumbatia, machozi yanamtoka. "Somo, nisamehe. Nilitaka tu niwe mrefu kama wewe."

Ningemzaba kofi, yangeisha. Ningemtukana, yangeisha. Lakini hasira ilinipanda, ya viatu, ya uwele, ya vumbi, ya vumilia zote za baba, nikatafuta neno la kumuumiza sawasawa. Na nilikuwa nalo, mwanangu. Nilikuwa nalo kwa sababu nilijua nisichostahili kujua. Nikamwambia, "Ndiyo maana huna maisha wewe! Utazaa mara moja tu, utamzaa huyu huyu bibi yangu, na siku hiyo hiyo utakufa. Hata sura yake hutaiona!"

Nyuma yangu ungo ulianguka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

Nilingoja mtoto acheke, au aniite mwendawazimu. Hakucheka. Alitazama kile kiatu, ambacho hakuna fundi wa kule angeweza kukishona. Akamtazama Bibi. Kisha akautazama mkono wa Bibi, kidole cha mwisho kilichopinda, akauinua wake, nacho kimepinda vile vile. Nadhani siku nyingi alikuwa ameshaona, hakujua ameona nini.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mtoto atapona?"

Aliyejibu ni Bibi. "Alipona."

"Atanyonya kwa nani?"

"Kwa yule mke kijana wa Kinyaturu, nyumba ya nyuma," Bibi akasema. "Alinilea vizuri. Sikulala njaa hata siku moja."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaviweka viatu chini pole pole, vimepangana, akaenda kwao.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alikaa juu ya jiwe la kusagia akanitazama, akasema, "Mama yangu amekufa mara mbili. Mara ya kwanza kwa kuja kwangu, na hilo ni la Mungu. Mara ya pili leo, akiwa mtoto, kwa ulimi wako. Hilo utalijibu wewe." Nikasema nilikasirika. Akaniambia, "Kila mtu hukasirika, Mwamvua. Si kila mtu ana kisu mkononi. Wewe ulikuwa nacho, na ulikijua."

Baba alipopata habari alisema tunaondoka kesho yake. Bibi hakumbishia. "Nitakaaje?" aliuliza. "Kila akinitazama sasa, anaona kaburi lake." Mvua zilikuwa bado mwezi na zaidi. Mwezi mzima wa mama yake, nikaupoteza kwa ajili ya viatu.

Asubuhi tulikuwa uani na mizigo yetu. Mwamvua akaja kama kawaida. Nikangoja apige goti. Hakupiga. Alisimama mbele ya Bibi, miguu peku, kidevu juu, anangoja. Na Bibi akaelewa. Aliushusha mzigo, akayakunja yale magoti yake mabovu mpaka yakagusa vumbi, na hakujali nani anaona.

"Shikamoo, mama."

Yule mtoto akamwekea mkono juu ya mvi. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Ukue."

Kisha akanigeukia na mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Akaniambia, "Safari njema, somo," kama vile hatukugombana. Sikuweza kuitika, na hilo nalo linaniuma.

Bibi hakupita tena kwenye mawe mpaka alipofariki. Alikuwa na hadithi moja ambayo nimeisikia tangu utoto, kabla ya safari ile, na wote tulikuwa tukiishangaa. Yule mama wa Kinyaturu aliyemnyonyesha alimsimulia kwamba Mwamvua, tangu akiwa msichana mdogo, alikuwa akimtekea maji na kumletea kuni bila kuombwa. Alipoolewa akaendelea. Alipokuwa mjamzito, wenzake walishona nguo moja ya mtoto, yeye alishona nne, kila moja kubwa kuliko nyingine, akampelekea mama yule zote, akamwambia, "Huyu atalia kwako." Watu walisema alikuwa na maono. Maono gani! Ni mimi. Nilimwambia mimi, juu ya soli iliyobanduka.

Sasa nakujua wewe, mwanangu. Najua unafungua mdomo useme, "Lakini bibi, kumbe ilisaidia." Funga. Kila mtu ninayemsimulia ananiambia hivyo, na kila mara napandwa na hasira upya. Wema ule ulikuwa wa Mwamvua, usinipe mimi. Mama yule angemnyonyesha Bibi hata bila mtungi mmoja wa maji, ndivyo majirani wa zamani walivyokuwa. Alichopata yule mtoto kutoka kwangu ni miaka saba ya kuijua siku yake. Aliolewa anajua. Wenzake wakimpigia vigelegele, anajua. Alikuwa mtoto anayesema kutwa, na yule mama alimwambia Bibi kwamba alimjua Mwamvua kama mtu mkimya. Mkimya! Niambie wewe msomi, hilo nalo lilisaidia nini?

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nanyi mnaandika kwenye daftari mkifikiri ni pambo. Basi nakueleza kwa Kiswahili cha sokoni. Ijumaa mkitokea upande wa pili, msaidie kusaga, mteke maji, mle walichonacho bila kukunja uso. Utamwona mtu pale na utajua mwisho wake. Unyamaze. Akikuudhi, nyamaza zaidi. Na hata hapa zama zetu, ambapo hamhitaji mawe ya Kindai, kila mmoja wenu anajua jambo la mwenzake: aibu yake, ugonjwa wake, jina la baba yake wa kweli. Ulilolijua kwa sababu uliaminiwa au kwa sababu ulizaliwa nyuma, si fimbo yako. Siku ya hasira liache ndani ya kihenge, na mkono wako usilifuate.

Na ukimwona kisimani mtoto mwembamba mwenye kidole kilichopinda, mwanangu, usimwambie lolote. Watu wakipungua, mwamkie. Mwambie ni shikamoo ya somo wake, imechelewa.

Haya, nendeni mkafungashe, na simu zote ziletwe hapa mbele yangu. Mungu awatangulie mwendapo na awafunge midomo mfikapo, awarudishe kwangu nikiwa bado na macho ya kuwaona. Na ile dua Mwamvua aliyompa mtoto wake nami nawapa nyie, maana sina nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mkue.