Mama Mdundo na Sakafu ya Ukumbi

Jina la Mama Mdundo alipewa na wenzake wa kazini kwa utani, likamganda. Alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na tisa, katika chumba cha chini chenye mashine sita za kufulia, kila moja na tumbo la kummeza mtu mzima. Mashine ya tatu ilikuwa na kilema. Ikifika hatua ya kukamua, ilidunda: du-du, du, du-du, du. Wengine waliziba masikio. Yeye alitikisa kichwa na kupiga vidole juu ya rundo la mashuka. Siku fundi alipokuja na bisibisi zake kuirekebisha, alimkuta dobi amesimama mbele ya mashine, mikono kiunoni.

"Hiyo iache hivyo hivyo, fundi. Hiyo ndiyo redio yangu."

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Wasichojua ni kwamba zamu ya alfajiri ilipokwisha, saa nane mchana, alikwenda moja kwa moja nyumbani, akavua viatu, akakaa mbele ya kompyuta ya mitumba na spika mbili, akatengeneza muziki. Alianza mambo hayo akiwa na miaka arobaini na mbili, umri ambao watu humwambia mtu atulie alee wajukuu. Yeye hakuwa na wajukuu wala watoto. Alikuwa na dada yake mkubwa, waliyeishi naye ghorofa ya pili, mwalimu wa kwaya mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Dada huyo hakuwa na subira na kitu kinachoimba bila mapafu.

"Muziki wa kopo huo," alikuwa akisema akipita na chai yake.

"Kopo likipigwa vizuri nalo hulia, Dada."

"Hulia, ndiyo. Kuimba ni jambo jingine."

Siku moja Mama Mdundo aliirekodi ile mashine ya tatu kwa simu. Aliiweka simu juu ya kifuniko, akasubiri ikamue, akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Alipoifungulia sauti ile kwenye kompyuta, moyo ulimshuka. Mdundo uliokuwa ukimtikisa kifua kazini sasa ulikuwa mwembamba, tik-tik, kama mtu anagonga meza kwa njiti ya kiberiti. Simu ilikuwa imenasa ngozi ya sauti, ikaacha nyama.

Hapo ndipo alipojifunza kuhusu plagini, vile vijiprogramu vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa ya muziki, kila kimoja na kazi yake. Alipata vitatu vya bure, vya kawaida kabisa, vyenye vitufe viwili au vitatu tu. Cha kwanza kiliunda pacha wa sauti, kikamchelewesha kidogo, kikamsogeza kulia na mwenzake kushoto, hata sauti moja ikajaa chumba kama kundi. Cha pili kiliikwaruza sauti, kwa kiasi kidogo tu, ikapata joto na ukali. Cha tatu kiliichukua sauti ileile na kuongeza nyingine chini yake, nzito zaidi, kama baba anayeimba nyuma ya mwanawe.

Mwanzoni alivitumia kama mpishi aliyekabidhiwa kabati la viungo. Akavitia vyote, kwenye kila sauti, mpaka mwisho wa vitufe. Kilichotoka kilikuwa tope. Dada yake alisimama mlangoni, akasikiliza nusu dakika.

"Ngoma ikilia sana hupasuka, mdogo wangu," alisema, akaendelea na safari yake ya jikoni.

Maneno hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alirudi nyuma. Kila Jumamosi, mwaka mzima, alifanya kazi ya kupunguza: akinenepesha sauti moja, anazipunguza nyingine ili ipate pa kukaa. Taratibu mdundo wa mashine ya tatu ulirudiwa na nyama yake. Siku ulipomtikisa kifua akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, alisimama akajipigia makofi, peke yake, bila haya.

Jumamosi moja alasiri mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya kwanza, mwalimu wa michezo na dansi katika shule ya wasichana viziwi. Mama Mdundo alijua amekuja kulalamikia kelele, akaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa.

"Samahani sana, Mwalimu, napunguza sasa hivi."

"Usipunguze, dada yangu! Nina wanafunzi wanne pale kwangu. Wameegemea ukuta, wananiuliza nani huyo anayeuchezesha."

Mama Mdundo alishuka naye. Sebuleni walikaa wasichana wanne, migongo na viganja vyao vimegandana na ukuta. Mkubwa wao, mwembamba mwenye macho makali, ndiye aliyeongoza kundi la dansi, na wenzake walimwita Kapteni. Alimtazama mgeni toka kichwani mpaka miguuni, kisha mikono yake ikasema maneno ambayo mwalimu aliyatafsiri.

"Anauliza kama ni wewe. Anasema muziki tulionunua kwa ajili ya mahafali ni maji matupu. Huu wako ni ugali."

Mama Mdundo alicheka, na machozi yakamlengalenga. Miaka minne alikuwa akitengeneza muziki, na wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa watu wasiosikia. Alikubali palepale kuwatengenezea wimbo wa mahafali.

Majuma matatu alifanya kazi kwa mori. Wasichana walikuja sebuleni kwa mwalimu, wakagusa ukuta, wakapanda na mwalimu wao kumweleza: hapa ongeza, hapa acha kimya tupumue. Kapteni hakuwa mtu wa kusifia ovyo. Akiona jambo halijakaa, alikunja pua tu, na Mama Mdundo alirudi kwenye vitufe vyake bila kuuliza. Mwishowe Kapteni alitingisha kichwa mara moja, ndiyo.

Basi wakaenda ukumbini kufanya mazoezi, siku tisa kabla ya mahafali. Ulikuwa ukumbi mkubwa wenye jukwaa la mbao na spika ndefu kuliko mtu. Wasichana walivua viatu, wakajipanga. Fundi wa ukumbi alibonyeza. Sauti za juu zilitoka vizuri tu. Ila besi, ile besi iliyochezesha ukuta, haikuwapo. Wasichana walisimama wakitazamana. Kapteni alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye mbao, akakiinua kama mtu aliyegusa maiti.

"Anasema nyumbani ukuta ulikuwa hai," mwalimu alitafsiri kwa unyonge. "Hapa sakafu imekufa."

"Spika zangu ni nzima," fundi alijihami. "Labda muziki wenyewe ndio mwembamba, mama. Mambo ya nyumbani hayo."

Mama Mdundo aliaga. Alirudi nyumbani, na mara ya kwanza kwa miaka minne hakuiwasha kompyuta. Dada yake alimuona, akamwekea chai mezani.

Jumatatu kazini alikuwa akisukuma toroli la mashuka kwenye ujia. Kwenye kona likagoma. Alisukuma kwa nguvu zote, halikusogea hata inchi moja. Aliinama kuchungulia, kumbe upande wa pili mwenzake, asiyemuona kwa urefu wa rundo, naye analisukuma kuja kwake.

"Wee! Tunasukumana!" mwenzake alisema, wakaangua kicheko.

Kicheko cha Mama Mdundo kilikatika katikati. Alisimama kashika toroli kama aliyepigwa na umeme. Watu wawili, nguvu mbili, jasho la kweli, na toroli palepale.

Saa nane ilipogonga alikwenda ukumbini bila kupitia nyumbani. "Fundi, niambie kitu kimoja tu. Sauti ya kulia na sauti ya kushoto, hapa kwako zinakwenda kila moja na spika yake?"

"Hapana, mama. Ukumbi mpana huu. Nimeziunganisha zikawa moja, ili kila aliyekaa asikie sawasawa."

"Basi spika zako ni nzima kweli. Kosa ni langu."

Ilikuwa ile plagini ya mapacha. Nyumbani, pacha mmoja alikaa spika ya kulia na mwingine ya kushoto, kila mmoja akasukuma hewa upande wake. Ukumbini walitiwa katika njia moja, na kwenye sauti nzito mmoja aliposukuma mwenzake alivuta. Wakafutana. Unene wote ule ulikuwa wa kuonekana tu.

Aliivunja kazi yake akaanza upya. Aliwaondoa mapacha kwenye besi, akawaacha kwenye sauti za juu tu, ambako hawakuwa na madhara. Besi akaiweka katikati, moja, kisha akaipa ile sauti ya chini ya baba, na mkwaruzo kidogo ili ipate meno ya kuuma mbao. Kila baada ya hatua alibonyeza kitufe kinachounganisha kulia na kushoto, akahakikisha hakuna kinachotoroka. Ilimchukua siku tano. Siku ya nne dada yake alivuta kiti akakaa.

"Hapo," alisema baada ya muda, "hizo sauti mbili za kati zinagombana. Kwenye kwaya ningemwambia alto anyamaze."

Mama Mdundo alimnyamazisha alto. Dada alikuwa sahihi.

Siku ya mahafali ukumbi ulifurika wazazi. Wengi hawakuwahi kuwaona mabinti zao wakicheza dansi, wakidhani muziki si haki yao. Mama Mdundo alikaa safu ya nyuma, kitambaa cha kichwa kipya. Fundi alimwangalia, akabonyeza.

Du-du, du.

Sakafu iliitika. Mdundo ulipanda kwenye miguu ya viti, ukaingia magotini, ukatua kifuani. Jukwaani wasichana kumi na wawili, peku, waliondoka kwa hatua moja, pamoja, kama mwili mmoja. Hakuna aliyemtazama mwalimu kwa ishara. Waliambiwa na mbao. Palipo na kimya walisimama kimya, na mdundo uliporudi walirudi nao bila kuchelewa hata chembe. Baba mmoja mbele yake, naye kiziwi, aliinama akaweka viganja vyote viwili sakafuni, akabaki hivyo mpaka mwisho, mabega yakimcheza. Fundi wa ukumbi alisogea akamnong'oneza Mama Mdundo: "Mama, hiyo besi umeitoa wapi? Hata mimi sijawahi kuzisikia spika zangu hivi."

"Nimeifua," alimjibu.

Wimbo ulipokwisha, nusu ya ukumbi ilipiga makofi na nusu ikainua mikono juu ikaitikisa, maana ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Mwalimu alimwita jukwaani. Alitembea urefu wote wa ukumbi, mgongo umenyooka, dobi wa hospitali, na safari hiyo hakutamani kujificha.

Kapteni alimpokea. Aligeukia watu, akajigonga kifua kwa ngumi mara mbili, kisha ngumi ikafunguka ikashuka kuelekea sakafuni. Wasichana wote wakamwiga.

"Wamekupa jina," mwalimu alisema. "Jina la alama halinunuliwi wala haliombwi. Viziwi wenyewe ndio hutoa. Kuanzia leo wewe unaitwa hivyo."

Nyumbani jioni hiyo dada mkubwa alisimama katikati ya sebule, akajigonga kifua mara tatu, akafungua kiganja.

"Hivi?"

"Umegonga mara tatu, Dada. Ni mbili."

"Mbili." Akarudia, polepole, mpaka akaliweza.